Uwanja Mdogo, Breki Nyingi

Leo naanza na ninyi wasikilizaji mlioko Marekani na Kanada. Nani kati yenu hajaalikwa bado kucheza pikoboli? Jirani kakualika, mfanyakazi mwenzako kakualika, na ule ukumbi wa mtaa mliofanyia sherehe sasa una mistari mipya sakafuni. Na ninyi wa Nairobi msicheke, maana viwanja vya tenisi vya huko navyo vimeanza kuchorwa mistari ya pili.

Kwa ambaye hajauona mchezo huu, ni kibao cha mkononi kikubwa kuliko kile cha tenisi ya meza, mpira wa plastiki wenye matundu, na wavu usiopita kiuno. Ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington. Joel Pritchard, ambaye miaka ya baadaye alikuwa mbunge wa Marekani, na rafiki yake Bill Bell walikuwa na familia zilizochoka kukaa bure, uwanja wa badmintoni usio na vifaa kamili, na vibao vya tenisi ya meza. Wakaunganisha walivyovipata, na jirani yao Barney McCallum akashiriki kuutengeneza mchezo. Walitaka kitu ambacho familia nzima ingekicheza siku ileile. Ndiyo maana servisi inapigwa kutoka chini, mpira hauna kasi ya kutisha, na mkicheza wawili kwa wawili sehemu yako ya kulinda ni ndogo.

Hapo ndipo penye mtego. Mtu ambaye tenisi ingemkata pumzi kwa dakika kumi anacheza pikoboli kwa saa mbili, anacheka, anapiga soga kati ya mchezo na mchezo. Mapafu hayasemi kitu. Moyo hausemi kitu. Kesho yake asubuhi anashuka kitandani, na kinachosema ni kisigino. Mwezi Juni 2023 wachambuzi wa benki ya UBS walikadiria kwamba majeraha ya pikoboli yangeigharimu Marekani takriban dola milioni 377 za matibabu mwaka ule, na waliotajwa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mamilioni hayo ni ya mchezo unaosifiwa kuwa hauna kishindo!

Hoja yangu leo ni hii: wepesi wa pikoboli ndio unaouponza mguu.

Tuutazame uwanja wenyewe. Urefu wake ni mita 13.4 na upana mita 6.1, sawasawa na uwanja wa badmintoni ya wawili kwa wawili. Hakuna pa kukimbilia. Kilichopo ni hatua mbili mbele, simama. Hatua moja kushoto, geuka. Rudi, simama tena. Dereva yeyote wa daladala atakuambia kuwa gari la safari ndefu linakula mafuta, na la mjini linakula breki. Pikoboli ni safari ya mjini. Mafuta, yaani pumzi, hayaishi upesi. Zinazolika ni breki, na breki za mwili ni shavu la mguu, kano ya kisigino na kifundo.

Kuna pia sheria moja inayozidi kuzibana breki hizo. Kila upande wa wavu kuna ukanda wa mita 2.13 ambao wachezaji wanauita jiko. Ukiwa ndani ya jiko, au hata ukiugusa mstari wake kwa ncha ya kiatu, huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Na ukiupiga ukiwa nje, kisha mwendo wako ukakuingiza ndani, umekosa vilevile. Sasa mtazame mchezaji anayeukimbilia mpira wa hewani. Amefika mstarini. Kiwiliwili kinataka kuendelea, sheria inamwambia abaki. Anasimamia vidole, visigino vimeinuka, mkono umenyooka, na uzito wake wote umeangukia kano iliyo nyuma ya mguu. Pointi ikiisha anarudi mahali pake, na pointi inayofuata anafanya hivyohivyo.

Tuanze na kifundo, kwa kuwa ndicho kinachoteguka mara nyingi. Shika kifundo chako hapo ulipo. Utaona mfupa wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani. Mfupa huo wa nje unauzuia unyayo usipindukie nje. Kwa upande wa ndani kizuizi ni kifupi, na kwa hiyo mguu ukipinduka, karibu kila mara unapindukia ndani, na zinazovutika au kuchanika ni ligamenti za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazoushika mfupa na mfupa mwenzake.

Uwanjani jambo hili hutokea kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni kukanyaga mpira uliotoroka kutoka uwanja wa jirani, maana viwanja hivi hupangwa vikiwa vimegusana na mipira huzurura. Dawa yake ni sauti. Yeyote anayeuona apaze sauti, "Mpira!" na kila mtu asimame, pointi irudiwe. Usione haya kuusimamisha mchezo, hata kama ulikuwa unakaribia kushinda. Mipira ya akiba nayo ikae mfukoni au nje ya uzio, isiachwe ikibingirika nyuma yako.

Njia ya pili ni kukanyagana na mwenzako mkiugombea mpira wa katikati. Hapo kinachotakiwa ni kusema. Ukicheza na mama mkwe wako, heshima isikufunge mdomo: "Nauchukua mimi, mama!" naye akujibu, "Chukua, mwanangu!" Ukikaa kimya kwa adabu, mtajikuta mmeteguka wote wawili.

Njia ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa watu wazima, ni kurudi kinyumenyume kuufuata mpira uliopitishwa juu ya kichwa. Anayerudi kinyumenyume uzito wake umekaa kwenye visigino. Kisigino kimoja kikikwama, anaanguka chali au anajikinga kwa mkono, na hapo tunazungumzia kifundo cha mkono kilichovunjika, au nyonga. Geuza bega kwanza, kisha kimbia kwa ubavu huku ukiutazama mpira. Ukiona huufikii, mwachie mwenzako. Naye akishindwa, uacheni uende zake. Ni pointi moja tu.

Sasa tuje kwenye kano ya kisigino, na hapa nitakaa kidogo. Ni kano nene kuliko zote mwilini, lakini ina sehemu yake dhaifu, kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino, ambako damu inafika kwa uchache. Umri unavyosonga, sehemu hiyo inapungua uwezo wa kujikarabati. Anayekatika kano hii mara nyingi ni mwanamume wa miaka 30 hadi 50, wiki nzima yuko kwenye kiti cha ofisi au usukani wa lori, na Jumamosi anajimwaga uwanjani. Anajirusha mbele kuuwahi mpira mfupi, anasikia pa! nyuma ya mguu. Anageuka kwa hasira amwone aliyempiga teke. Hakuna mtu.

Kinachowahadaa wengi ni kwamba mtu huyo bado anaweza kutembea kwa kuchechemea. Anaweza kukunja vidole, anaweza hata kuusukuma unyayo chini kidogo, kwa kuwa kuna misuli mingine midogo inayosaidia. Basi wenzake wanamwambia, "Msuli umevutika tu, bwana, nenda kapumzike." Anapumzika wiki tatu, na kumbe kano imekatika vipande viwili.

Kuna kipimo rahisi. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya ukingo wa kitanda. Libonyeze shavu la mguu mzima kwa kiganja: unyayo utasogea wenyewe. Sasa libonyeze la mguu ulioumia. Unyayo ukitulia tuli, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huko atavishwa kiatu maalumu kinachoushikilia unyayo ukielekea chini, au atafanyiwa upasuaji, na kurudi uwanjani ni suala la miezi sita hadi mwaka mzima.

Na kuna jambo wachezaji wengi hawalijui. Dawa za jamii ya siprofloksasini, ambayo kwetu wengi mnaiita sipro na wengine mnainunua dukani bila cheti, zinaweza kuidhoofisha kano hii hadi ikakatika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru mwaka 2008 onyo hilo liwekwe kwenye dawa hizo ndani ya kisanduku cheusi, ambalo ndilo onyo lao kali kuliko yote. Hatari inapanda kwa aliyepita miaka 60, na kwa anayetumia dawa za jamii ya prednisoloni. Sisemi uikatae dawa uliyoandikiwa. Nasema usijinunulie, mweleze daktari kwamba unacheza, pumzisha kibao wakati wa dozi, na kisigino kikianza kuuma piga simu kabla hujameza kidonge kinachofuata.

Maumivu mengine ni ya unyayo wenyewe, yale yanayochoma chini ya kisigino kwa hatua za kwanza za asubuhi, kisha yanapungua ukitembeatembea. Huo ni utando mpana wa chini ya unyayo uliochoshwa. Punguza michezo kwa muda, nyoosha shavu la mguu kila siku, vuta vidole kuelekea muundi kabla hujashuka kitandani, na nyumbani usitembee pekupeku wala kwa ndala nyembamba zisizo na kisigino.

Haya, tuzungumze viatu. Nenda kwenye uwanja wowote utakuta nusu ya watu wamevaa viatu vya kukimbilia. Kiatu cha kukimbilia kimeshonwa kwa mtu anayekwenda mbele, tena mbele tu. Soli yake ni nene na laini, kisigino kimeinuliwa. Ukikivaa kisha ukaruka kwa ubavu, unyayo unateleza juu ya soli, ukingo unalalia upande, na kifundo kinafuata. Kinachofaa ni kiatu cha uwanja, kile cha tenisi, voliboli ya ndani au badmintoni, ambacho soli yake iko chini na ni pana, ubavu wake ni mgumu, na chini kina michoro bapa isiyong'ang'ania sakafu kupita kiasi.

Ninyi wa masoko ya Gikomba na Karume najua mtaniambia kiatu kipya ni bei ya mbuzi. Sawa, mtumba ununuliwe, lakini kwa macho. Usidanganywe na nembo inayong'aa na kamba mpya. Sponji ya katikati inazeeka hata kama kitambaa cha juu ni kisafi. Ibonyeze kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, kirudishe. Kiweke kiatu mezani ukitazame kutoka nyuma: kikiwa kimelalia upande mmoja, kimebeba mwendo wa mtu mwingine na kitakupindishia mguu wako. Kikamate kichwani na kisiginoni ukikamue kama nguo: kikijisokota chote, hakitakushika uwanjani. Kinatakiwa kikunjike penye vidole tu.

Kijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile za kuchezea. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kwa kugonga kila unapofunga breki. Kaza kamba hadi tundu la juu kabisa ili kisigino kisielee. Na mwenye kisukari asikilize hapa: miguu iliyokufa ganzi haitoi taarifa. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kila usiku kagua nyayo na katikati ya vidole. Lengelenge dogo usilolihisi linaweza kuwa kidonda cha miezi.

Viatu vizuri bado havitoshi ikiwa mguu wenyewe haujaandaliwa. Msuli unaimarika kwa wiki chache. Kano inahitaji miezi. Ndiyo maana mtu anajisikia ana nguvu mpya mwezi wa pili, anaongeza siku za kucheza, na hapo ndipo anapoumia: msuli umetangulia, kano iko nyuma. Baada ya shughuli nzito, kano hubomoka zaidi kuliko inavyojijenga kwa muda wa siku moja na nusu hivi, ndipo ujenzi unashika kasi. Kwa anayeanza, basi, cheza siku moja, pumzika siku moja, na usipite saa moja kwa mwezi wa kwanza, hata kama kundi zima linakushangilia ubaki.

Siku za kupumzika fanya zoezi la kisigino. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, shika ukuta, inuka kwa miguu miwili, kisha shuka polepole kwa mguu mmoja hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara kumi na tano, mizunguko mitatu kwa kila mguu. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliokuwa na maumivu sugu ya kano hii; waliufanya mshuko huo wa polepole kwa wiki 12, na wote 15 walirudi kukimbia. Wewe usiyeumwa hutahitaji kulifanya kila siku kama wao. Siku moja ufanye, moja uache, inatosha.

Kwa ajili ya kifundo, simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi mguu huu, usiku ule. Ikiwa rahisi, fumba macho ukiwa karibu na ukuta. Aliyewahi kuteguka ndiye aliye hatarini zaidi kuteguka tena, na kwake mazoezi ya mizani pamoja na kifungio cha kifundo chenye kamba vimethibitika kupunguza marudio.

Ukifika uwanjani, usianze kwa kupiga. Zunguka kwa mwendo wa haraka, inua visigino, sogea kwa ubavu kushoto na kulia, kisha anzeni kwa mipira laini ya karibu na jiko. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Ninyi wa Minnesota, mnaoshuka kwenye gari penye theluji mkaingia ukumbini na miguu ya barafu, ongezeni muda, na mfute viatu kabla ya kukanyaga sakafu ya mbao.

Na ikitokea umeteguka? Kwetu jibu la kwanza ni maji ya moto yenye chumvi, na la pili ni kumwita mchuaji. Tuheshimiane na wachuaji wetu, lakini siku mbili tatu za mwanzo mguu uliovimba usikandwe wala usivutwe, na joto lisubiri. Kwanza hakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni zinazotumika hadi leo. Je, unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ukibonyeza mfupa wa kifundo, ukingo wake wa nyuma na ncha yake, nje na ndani, unauma? Ukibonyeza lile fundo la mfupa lililo katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au mfupa uliotokeza upande wa ndani mbele ya kifundo, unauma? Hatua zikishindikana, au mfupa ukiuma, nenda kapige picha. Mwenye ganzi ya kisukari asijipime hivi, aende moja kwa moja.

Picha ikiwa safi, funga bendeji ya kuvutika, inua mguu, tumia barafu iliyofunikwa kitambaa kutuliza maumivu. Lakini usilale nao wiki mbili. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeeneza ule ushauri maarufu wa kupumzika na barafu, aliandika miaka mingi baadaye kwamba mapumziko kamili na barafu nyingi vinaweza kuchelewesha kupona. Siku chache zikipita, anza kuchezesha kifundo, kanyaga kidogokidogo, kisha rudi kwenye mguu mmoja na mswaki wako. Utarudi uwanjani siku utakapoweza kuruka kwa mguu ulioumia na kusogea kwa ubavu bila maumivu, si siku uvimbe utakapoisha.

Namalizia na kishawishi kimoja. Mmecheza, mmetosheka, watu wanakusanya chupa za maji, na kijana mmoja anasema, "Mzee, moja tu ya kufunga." Misuli iliyochoka inachelewa kukishika kifundo kinapoanza kupinduka, na mchezo huo wa kufunga ndio unaokukuta katika hali hiyo. Mwambie, "Ahsante mwanangu, ya kufunga nimeshaicheza," uvae koti uondoke ukiwa bado na hamu. Hakuna zoezi, kiatu wala kifungio kinachokulinda kuliko uamuzi huo.

Maswali yenu tumeni kama kawaida. Kipindi kijacho tutapanda juu kidogo, tulizungumzie goti. Kwaherini.